Siku Nilipomwandika Kashindi Kuwa Amekufa

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kwangu hapa Kasenga, simu mkononi, fulana yenye alama kifuani, akaniuliza nina sufuria ngapi. Nikamwambia mbili. Akabonyeza mbili. Akaniuliza nakula mara ngapi kwa siku. Nikamwambia mara moja, na siku nyingine ni uji tu. Akabonyeza tena, akanishukuru, akaniita koko kama mnavyowaita bibi zenu, akaenda zake. Hakuinama kutazama chini ya kitanda. Huko nilikuwa nimeficha sufuria nne, birika, na mkungu mzima wa ndizi.

Sikumdanganya kwa sababu ya njaa. Nilitaka kujua kama kazi yangu bado inafanywa na watu wenye macho. Sasa najua, na ndiyo maana nimewaiteni ninyi mnaozunguka mitaani na hayo maswali yenu. Kaeni. Nitawaeleza kazi hii ilivyokuwa, na jambo nililolifanya ndani yake ambalo hakuna shefu aliyepata kuniadhibu kwa kiasi chake.

Leta, yaani serikali, ilikuwa na msaada mdogo wa feza kwa watu wazima wasiojiweza: wajane, vipofu, vilema, wazee wasio na mtoto. Wenyewe waliuita feza ya maskini. Mtu akija biro, ofisini kwetu, kuomba, alifunguliwa dosie, faili lake, kisha mimi nilitumwa kwake kufanya anketi, yaani kwenda kuona kwa macho kama kweli hana kitu, hana nguvu, na hana mtu. Nikirudi najaza fishi, karatasi ya maswali na majibu. Shefu wa biro anaisoma, anapiga muhuri wa ndiyo au wa hapana. Watu walidhani muhuri ndio unaoamua. Muhuri ulifuata fishi kama mbuzi anavyofuata kamba.

Kazi niliipata nikiwa msichana, kwa sababu masere wa misheni walikuwa wamenifundisha kusoma na kushona, na kwa sababu mwanamke anaweza kuingia jikoni kwa watu asiitwe mwizi. Watu waliniita Mademwazeli, na jina hilo halikuniacha hata nilipoolewa.

Aliyenifundisha ni Papa Gaspari, karani mzee wa biro yetu, mtu mrefu aliyevaa miwani yenye mkono mmoja. Upande wa pili ulifungwa kwa uzi hadi sikioni. Alinipa mafunzo yake yote tukitembea, maana alisema mwanafunzi akikaa anasinzia.

“Usitazame nguo,” aliniambia. “Siku Leta inakuja, hata fukara anaazima shati. Tazama visigino. Tazama majivu. Majivu yakishikamana kama udongo baada ya mvua, hapo hakuna aliyepika.”

Akanifundisha na hili: mwenye chakula hukificha akiona muntu wa biro. Anayekukaribisha kula kabla hujakaa, huyo chakula hana. Nililicheka jambo hilo. Baadaye niliacha kulicheka, maana nilikaribishwa kula katika nyumba nyingi sana.

Lakini tulicheka pia. Kulikuwa na bibi mmoja kipofu niliyemkuta amekaa kwenye mkeka katika nyumba ya kwanza, nikaandika: wanatunza kipofu. Juma lililofuata nilimkuta katika nyumba ya pili, amevaa kitambaa kingine. Katika nyumba ya tatu, nilipobisha hodi tu, yeye mwenyewe akainua uso na kusema, “Mademwazeli, leo tena?” Wenye nyumba walitamani ardhi ipasuke. Nilirudi biro nikiwa na hasira, nikamwambia Papa Gaspari tuzifunge dosie zote tatu. Alisafisha miwani yake kwa kona ya shati.

“Zifunge zote tatu,” alisema. “Kisha ufungue moja ya bibi. Muntu anayeazimwa na nyumba tatu, hana nyumba.”

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la ng'ombe. Mzee mmoja wa Mulenge aliomba msaada, mkono wake mmoja ulikuwa umekauka. Nilipanda mlima siku mbili, miguu ikavimba, nikafika nikakuta zizi limejaa. Nikaandika: ana mali. Sikuuliza neno. Nilijiona hodari kwelikweli. Papa Gaspari alisoma fishi yangu akaniuliza swali moja tu: “Maziwa yanalala wapi?” Akanirudisha mlimani nikaulize. Kumbe ng'ombe walikuwa wa binamu zake. Yeye aliwalinda tu, na ujira wake ulikuwa kibuyu kimoja cha maziwa. Aliponiona alicheka. “Umekuja kuhesabu tena?” Akanipa kibuyu ninywe. Nilikunywa hadi nusu ndipo nikakumbuka ninakunywa mshahara wake. Tangu hapo sikuwahi tena kuandika kitu nilichokiona kabla sijauliza ni cha nani.

Uhuru ulipokuja, mzungu aliyekuwa mkubwa wetu aliondoka na ufunguo wa kabati. Tulivunja kabati kwa shoka tukiimba. Kesho yake mstari wa watu ulianza mlangoni ukafika barabarani. Waliambiwa kwamba sasa Leta ni yetu, kwa hiyo kila mtu atapewa. Papa Gaspari alisimama juu ya kiti akawaeleza kwamba masharti ni yale yale. Mama mmoja akamuuliza kwa sauti ya upole, “Sasa, baba, kitu gani kilibadilika?” Papa Gaspari akashuka kwenye kiti, akakirudisha ndani.

Kisha ikaja rebelio.

Ninyi mmeona vita vyenu, sitawaeleza vita ni nini. Nitasema tu kwamba waasi walipouchukua mji, waliwatafuta watu wa biro: anayejua kuandika, anayevaa viatu, mwenye kalamu mfukoni. Mimi nilivua viatu nikavaa kitenge cha mama mkwe, nikabeba jembe, nikapita katikati yao kama mwanamke anayekwenda kulima. Papa Gaspari hangeweza kuvua miwani. Bila miwani asingeona njia. Walimkuta katika matete karibu na mahali mto Mulongwe unapoingia ziwani. Tulimzika sisi wanawake wanne, haraka, bila jeneza.

Jeshi la Leta liliporudi, waasi walipanda milimani wakabaki huko, na biro ikafunguliwa tena. Mkubwa wetu sasa alikuwa shefu mpya aliyetoka mbali, mtu mwenye mwandiko mzuri na hofu nyingi. Alileta sharti jipya. Zamani fishi iliuliza kama mwombaji ana mtoto anayeweza kumsaidia. Sasa ilitaka kujua mtoto huyo yuko wapi. Kama ni mzima na yuko mjini, atamtunza mzazi wake: hapana. Kama yuko porini na waasi: hapana, na jina lake liandikwe kwenye karatasi nyingine ambayo shefu aliipeleka mwenyewe kambini kwa wanajeshi. Ukitaka kupata ndiyo, mtoto sharti awe hayupo kabisa. Sharti awe amekufa.

Mama Kashindi alikuja biro majira ya mvua. Alikuwa mjane; mumewe alipakia pamba bandarini Kalundu mpaka kifua kilipommaliza. Alikaa Kasenga ya juu, katika chumba ambacho ukuta mmoja ulikuwa umeanguka na pengo limezibwa kwa mikeka. Nilikwenda kwake kwa anketi. Majivu yalikuwa udongo. Visigino vyake vilipasuka hadi damu. Kabla sijakaa, akasema, “Karibu tukule.”

Nikauliza maswali yote, nikafika kwenye watoto.

“Mumoja,” alisema. “Kashindi.”

“Iko wapi?”

Alitazama mlangoni, kisha akanitazama mimi. Nusu ya vijana wa mtaa ule walikuwa wamefuata waasi, wengine kwa kupenda, wengine kwa kushikwa mkono. Kashindi alikuwa fundi wa baiskeli. Alitoka asubuhi moja kwenda kununua vipande vya tairi, na jirani aliona kundi la waasi likimpandisha njia ya mlimani. Hayo niliyajua mimi kama alivyoyajua yeye.

“Sijue,” alisema.

Nikaweka kalamu chini. Nikamweleza sharti la shefu, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali daraja limeoza. Nikamwambia, “Mama, ukisema tu kwamba alikufa wakati wa mapigano, hakuna muntu atauliza kaburi. Wengi walikufa. Nitaandika, utapata feza, na hakuna mwanajeshi atakuja hapa kumutafuta.”

Halafu akasema neno ambalo bado nalisikia. “Mademwazeli, mutoto nilimuzaa na tumbo. Weye unataka nimuzike na kinywa?”

“Ni neno tu, mama.”

“Neno inatembeaka. Itamufikia kule iko.”

Nilimbembeleza, akakataa. Nilimwambia atakufa njaa, akasema njaa ameshaizoea, lakini hilo hatalizoea. Nikatoka kwake na fishi ambayo sehemu ya watoto ilikuwa bado tupu.

Nilikaa nayo siku mbili. Hapo ndipo Papa Gaspari angekuwa na swali lake moja, nami ningelazimika kulitafutia jibu. Hakuwapo. Nilifikiri, huyu mama hajui herufi. Atabonyeza kidole pale atakapoonyeshwa, hatajua kilichoandikwa. Nilifikiri, kosa liko wapi kama linamlisha? Nikaandika: Mjane. Hana nguvu. Mtoto mmoja, wa kiume, amekufa. Shefu akapiga ndiyo bila hata kuinua kichwa.

Wanangu, nataka mnielewe vizuri. Sikufanya hivyo kwa rushwa wala kwa uvivu. Nilifanya kwa huruma, na nilijipenda sana kwa huruma hiyo. Kila siku ya malipo nilimwona Mama Kashindi amesimama kwenye mstari, kisha anabonyeza kidole chake chenye wino, nami nilijisikia kama mtu aliyepanda mti akauona unazaa. Ukuta wake ulisimamishwa tena. Majivu yake yalikuwa meupe na laini. Siku moja aliniletea muhogo wa kuchemsha umefungwa kwenye jani, akaniambia, “Mungu akubariki, weye haukunilazimisha.”

Niliula muhogo ule.

Ikapita mihula ya mvua miwili, labda zaidi kidogo. Kisha Leta ikasema kwenye orodha kuna majina ya watu wasiokuwepo, na ikamtuma mlipaji kutoka Bukavu. Huyu alikuwa mtu mwema, asiyejua mtu yeyote hapa. Aliamriwa amsomee kila mmoja dosie yake kwa sauti, ili watu waliosimama mstarini washuhudie kwamba ni ya kweli. Siku hiyo mimi sikuwapo. Nilikuwa Bwegera kwa siku tatu, kwenye anketi ya wajane wa mashamba ya mpunga.

Nikirudi, nilipofika chini ya Kasenga nilikutana na wanawake wa kanisa wanapanda, wamejifunga vitambaa viunoni. Nikauliza kuna nini.

“Ni kwa Mama Kashindi,” mmoja akaniambia. “Amepata habari ya mutoto.”

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Naapa kwenu. Niliona Kashindi anateremka mlimani na baiskeli begani.

“Habari gani?”

“Alikufa. Tangu zamani. Mama wa watu alikuwa hajui.”

“Nani alileta hiyo habari?”

“Leta yenyewe,” alisema. “Walimusomea ku biro.”

Walinieleza njiani jinsi ilivyokuwa. Mlipaji alisoma jina lake, akasoma mjane, akasoma mtoto mmoja wa kiume amekufa. Mama Kashindi aliuliza, “Umesema nini?” Yule akadhani hasikii vizuri, akarudia kwa sauti kubwa. Basi akauliza ile karatasi iliandikwa lini, na mlipaji akamtajia, kwa adabu, mwezi ule ule aliofunguliwa dosie. Akazitazama feza zilizokuwa mezani. Akaelewa kwa namna yake: kwamba Leta ilimuua mtoto wake milimani, ikaficha habari, na tangu siku hiyo ikawa inamlipa bei ya damu kidogo kidogo. Alizisukuma feza zikaanguka chini. Alisema, “Kumbe nimekuwa namukula.” Akatoka.

Nilimkuta mkekani, kichwa kimenyolewa. Wanawake walikuwa wanaimba. Aliponiona alinishika mkono kwa nguvu akaniuliza, “Weye njo unaandikaka. Ulijua?”

Palikuwa na watu wengi, na kati yao alikuwapo mjumbe wa mtaa, aliyejulikana kwa kubeba maneno kambini. Kama ningesema pale pale kwamba nilidanganya, kwamba hakuna anayejua kama Kashindi amekufa, wanajeshi wangefika kwake kabla ya jua kuchwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwa sababu nzuri, na nyuma yake niliificha woga wangu wote. Nilikaa chini na wanawake wengine nikaimba.

Siku ya tatu, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akakata mgomba, akauchonga kwa urefu wa mtu. Mtu aliyefia mbali, mwili usipopatikana, wazee walizika mgomba mahali pake ili asizunguke bila pa kulala. Mama Kashindi alileta shati la mwanawe, la mistari ya bluu, akauvika mgomba, akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Nilisimama umbali wa hatua mbili. Nikaona udongo unatupwa.

Niliurudia mlango wake baada ya majuma mawili, watu walipokwisha kutawanyika. Alikuwa amekaa uani anachambua maharage.

“Mama,” nilisema, “ile neno ya kwenye karatasi, ni minye niliandika.”

“Najua.”

“Hapana, hujui. Hakuna muntu aliniambia amekufa. Hakuna habari ilitoka mlimani. Niliandika tu, juu upate feza.”

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. “Kwa hiyo hakufa?”

“Sijue, mama.”

“Iko muzima?”

“Sijue.”

“Sasa weye unajua nini?”

Alichukua maharage kiganjani, akayatazama, akayarudisha. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri kama angepaza.

“Uliniletea kifo,” alisema. “Nikakipokea. Nikalia nikachoka, nikaanza kulala. Leo umekuja kukichukua tena. Unaniachia nini?”

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na jembe. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alipita mbele yangu akaenda nyuma ya nyumba kwenye lile tuta la mgomba, akaanza kulichimba. Alikuwa dhaifu, baada ya majembe machache alitetemeka. Nikamwomba jembe, akanipa bila kunitazama. Tulipokezana. Mgomba ulikuwa umeanza kuoza, umejaa maji, na ulinuka. Alipiga magoti akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akalivua kama mtu anavyomvua mtoto aliyelala na nguo. Kisha akaniambia, “Nipe sabuni.” Nilikimbia dukani nikanunua kipande. Alilifua shati pale pale kwenye beseni, maji mara tatu, akalianika juu ya uzio.

“Kesho,” alisema, “ukaondoe ile neno.”

“Nikiiondoa, feza itasimama.”

“Isimame.”

“Watauliza iko wapi.”

“Waambie ile umeniambia minye. Kama haujue.”

Nikaenda. Nilimwambia shefu kwamba fishi ile ilikuwa na kosa langu, na nikafuta neno mbele yake, nikaandika: haijulikani. Fishi haikuwa na mahali pa neno hilo. Ilikuwa na mzima na ilikuwa na amekufa. Akafunga dosie ya Mama Kashindi kwa muhuri wa hapana, na mimi akaniondoa kwenye anketi, akaniweka kunakili barua karibu mwaka mzima. Adhabu hiyo niliiona ndogo. Sikujua kwamba aliliandika pia jina la Kashindi kwenye ile karatasi nyingine.

Wanajeshi watatu walifika kwake siku ya soko, saa za asubuhi. Walipekua chumba, wakamwaga unga. Mmoja akaliona shati juu ya uzio, shati la mwanamume, safi, katika nyumba ya mjane. “Nani anavaaka hii? Anakujaka kula hapa?” Aliwaambia ukweli, kwamba ni la mwanawe, kwamba alikuwa amelizika na amelifukua. Nani angeamini hadithi kama hiyo? Walimpiga kwa kitako cha bunduki begani, mfupa ukavunjika. Shati waliondoka nalo.

Majirani ndio walionieleza. Nilipopanda kwenda kumwona, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Alikuwa amekwenda Bwegera kwa dada yake.

Huwa mnaniuliza, ninyi vijana, mfanye nini mkikuta mtu ambaye maswali yenu hayamtoshi. Mnataka nikupeni njia. Ninayo moja tu, na si kubwa: msijaze mahali ambapo mwenye nyumba ameacha wazi. Mkifundishwa kwamba simu haikubali pengo, rudini mkawaambie wakubwa wenu watengeneze simu nyingine. Mimi baadaye, niliporudishwa kwenye anketi, kila fishi nilichora kwa mkono mstari wa tatu chini ya mzima na amekufa. Mashefu watatu walinikaripia. Wa nne alizoea. Wapo waliopata msaada kwa mstari ule, na wapo walioukosa. Sikuweza kuwabebea wote. Lakini hakuna mama mwingine aliyesomewa habari ya mwanawe kutoka mkononi mwangu.

Baadaye milimani kulitulia kidogo, na watu walianza kuteremka kwa msamaha wa Leta, makundi makundi, wamekonda, wengine hawakumbuki tena barabara. Waliandikishwa kwenye uwanja wa teritwari, mbele ya ofisi za wilaya. Nilikwenda kila mara. Nilitembea kando ya mistari nikiuliza, “Kuna Kashindi hapa? Fundi wa baiskeli, wa Kasenga.” Niliwapata akina Kashindi wanne. Mmoja wao, mtu mzima wa kutosha kuwa baba yangu, aliitika kwa matumaini, akadhani ni yeye anayetafutwa.

Miaka ilikuwa imepita nilipotumwa tena Bwegera. Nilifanya kazi yangu, kisha nikauliza njia. Walinielekeza kwenye mashamba ya mpunga upande wa mto. Mpunga ulikuwa umekomaa na ndege walikuwa wengi. Mama Kashindi alikaa kwenye kibanda cha matete katikati ya shamba la mtu, anavuta kamba yenye makopo ili ndege waruke. Bega moja lilikuwa limeshuka chini ya lingine, kwa hiyo alivuta kwa mkono wa kushoto. Nywele zake zilikuwa zimerudi, nyeupe zote.

Alinitambua nikiwa bado mbali. Alisimama. Mikono yake iliachia kamba, na ndege wakatua shambani, naye hakuwatazama. Alinitazama mimi tu, mdomo umefunguka kidogo, mpaka nilipofika.

“Jambo, mama.”

“Jambo.” Alingoja. Nami sikuwa na alichokingoja. Nilikuwa nimebeba sukari na kitenge, nikaviweka chini. Alitazama vile vitu, akatazama mikono yangu tena kama kwamba huenda kuna kingine.

“Ulikuja kwa nini?” aliuliza.

“Kukusalimia tu.”

Alikaa chini, polepole. Akashika kamba akaivuta, makopo yakalia, ndege wakaruka kama vumbi. Alivuta tena na tena ingawa walikuwa wameshakwenda.

“Usikuje tena, Mademwazeli,” alisema. Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Alisema kama mtu anayeomba maji. “Nikikuona unatokea, moyo unaniambia umeleta habari.”

Nilipita juu ya tuta la shamba nikarudi barabarani, na sikwenda tena.